Kucha za Asumani

Mwamini, Zena, na ninyi wengine wa darasa letu mnaokuja kukaa nami kwenye mkeka na kuanza kuzunguka-zunguka na maneno: najua mnachotaka kuuliza. Mwanamke aliyefiwa na mume alitokaje ndani ya eda, akapanda kamyo ya mizigo na mtoto mgongoni, akaenda mpaka Obokote? Naandika mara moja. Mpeane, msome, na mkimaliza msinizungushe tena.

Asumani mlimjua. Alikuwa mpishi wa wale wazungu wa utafiti, mpishi na mbebaji na mtu wa kila kitu. Walikuja na fedha za wafadhili wa kwao ng'ambo ili wapekue msitu wa upande wa Lubutu, wakusanye popo, panya, ndege, vipepeo, kila chenye uhai. Kila kiangazi Asumani alikwenda nao na kila kiangazi alirudi. Safari hii aliyerudi ni mchuuzi wa samaki wa moshi, akasimama mlangoni kwetu Alunguli, hapa Kindu, bila kutua mzigo. Akasema Asumani amekufa kwa homa, amezikwa kulekule, na watu wa kule wamefanya inavyofaa: wamekata kucha na nywele, ziko.

Mama mkwe wangu ni Murega kwa kabila, wa Pangi, aliyeolewa na Mwislamu. Anaswali kuliko mimi. Lakini kwa jambo hili alibaki mtoto wa baba yake: mtu akifia mbali, kucha na nywele zake zinarudi, zinazikwa nyuma ya nyumba, la sivyo anazunguka huko bila kujua kwake ni wapi. Shehe akaja, akatuswalia swala ya maiti asiyekuwepo, akasema inatosha. Mama akamwambia, "Shehe, swala nimeipokea. Sasa niletee mwanangu." Akalala kwenye mkeka. Hakuoga tena, hakugusa chakula kilichopita motoni. Alikula ndizi mbivu na maji. Nikitazama mgongo wake naona mifupa inahesabika.

Shemeji yangu wa Kibombo aliitwa aende. Akajibu kwamba mpunga wake umeiva na barabara ni mbaya. Basi. Mwanamume pekee wa nyumba ana mpunga. Nikamfunga Aziza mgongoni.

Alunguli mpaka Punia, juu ya sabuni

Mambo ya kutafuta ruhusa na nafasi ya gari siandiki, yanachosha hata kuyakumbuka. Kamyo ilikuwa imepakia sabuni na chumvi, na sisi abiria tulikaa juu ya makatoni. Jua likipanda sabuni inalainika, ukiinuka unabeba alama ya katoni kwenye makalio. Pembeni yangu alikaa mama mmoja mnene muuza makayabu, wale samaki wa chumvi, jina lake Mama Sikuzani. Aliona kitambaa changu cheupe, akaona mtoto, akajijengea hadithi.

"Dada, unamufwata bwana?"

"Ndiyo, ninamfuata."

"Alikimbia na mwanamuke wa Punia, sivyo? Wanawake wa Punia, eh! Weye ukimukuta, usianze na yeye. Anza na masufuria ya ule mwanamuke. Vunja yote. Njo nilivyofanya miye."

Kamyo nzima ikacheka. Mimi sikucheka, nikasema, "Mama, bwana wangu amekufa." Kikawa kimya mpaka dereva akageuza kichwa kuangalia kama tumeanguka. Mama Sikuzani hakusema pole. Alifungua kapu lake, akakata kipande kikubwa cha makayabu, akakifunga kwenye jani na kunitia mkononi, kisha akamchukua Aziza mgongoni mwangu akamlaza mapajani mwake. Alimshika hivyo mpaka giza.

Jumamosi tukakwama kwa Salongo. Kijiji gani sijui, bariyeri imeshuka, vijana wa Chama wamesimama na filimbi: hakuna gari kupita, kila raia ashuke alime barabara. Tukapewa majembe. Kijana mmoja akanijia na kunitazama kifuani.

"Wewe raia, sitwayeni, picha ya Kiongozi iko wapi? Kitambaa cheupe bila kitu, unaasi?"

"Nimevaa kufiwa. Unataka nimbandike Kiongozi kwenye matanga?"

Dereva wetu, Papa Kasongo, alinivuta nyuma kwa nguvu, akamwambia yule kijana kwamba nimechanganyikiwa kwa msiba. Akampa kipande cha sabuni. Halafu akanifokea mimi, si yule. "Mutoto wangu, midomo yako itatulaza gerezani sisi wote na hii sabuni!" Alikuwa na haki. Nikalima nyasi za serikali, mjane na jembe, mtoto akilia chini ya gari.

Bako la Lowa

Kutoka Punia nilipata kamyo nyingine, nayo ikafika mto Lowa ikasimama. Bako, kile kivuko cha magari, lilikuwa ng'ambo ya pili, halina mafuta. Mafuta yamekwenda kuletwa. Nani amekwenda? Mtu. Atarudi lini? Akirudi. Tukakaa. Magari yakapangana nyuma yetu, wanawake wa kijiji wakatokea na lituma, zile ndizi za kupondwa zenye mafuta ya mawese, na samaki wadogo wa kukaanga. Nilikula kwa aibu, kwa sababu nilikuwa na njaa kweli, na nilifikiri waliofiwa hawapaswi kuona ladha.

Wafanyakazi wa bako walikuja kwa pirogi, mtumbwi wao, kukaa na sisi. Mmoja wao, mrefu, meno yake ya mbele hayapo, alisikia ninaenda kwa wale wazungu wa utafiti akapiga kofi.

"Wale! Wale walipita hapa na masanduku, mama, masanduku! Na mapipa ya samaki wamelala ndani ya pombe. Walitupita sisi wote na karatasi ya wakubwa, magari mengine yakae pembeni. Huyu mwenzangu," akamsukuma aliyekuwa kando yake, "akaonja ile pombe."

"Uongo!" yule akaruka. "Ni weye!"

"Ni sisi wawili. Ilikuwa na ladha ya chura."

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Na mimi, nasema kweli, nilianza kucheka. Ndipo nikauliza kama kwenye gari ile walimwona mgonjwa, mtu wa Kindu, mwembamba, ana kovu kwenye nyusi.

Yule mrefu akaacha kucheka. "Mugonjwa hapana. Masanduku tu. Nilisikia Profesa wao akisema na dereva: kule nyuma wamebakiza mupishi, ana homa, gari litarudi kumukamata. Lakini ndege ya kubeba masanduku imeshalipiwa na wafadhili, haingojee mutu."

"Kulikuwa na nafasi ndani ya gari?"

Alitazama mto. "Miye mwenyewe nilipanda nyuma mpaka kijijini kwetu. Nililala, miguu nimenyoosha."

Zena, unanijua. Mimi si mtu wa kulia mbele ya watu. Nilikwenda mpaka kwenye matope, nikaokota jiwe, nikalirusha mtoni. Nikaokota lingine. Nilirusha mpaka mkono ukakataa, na watu wa bako wakaniacha nirushe. Mtu mzima, mume wa mtu, baba wa mtoto, alikosa pale palipotosha miguu ya mtu wa bako. Kwa sababu panya waliokufa walikuwa na tiketi.

Gari lile halikurudi kumchukua. Lilivunjika njiani baadaye, wakaliacha.

Obokote

Mafuta yalikuja, tukavuka, na baada ya kamyo kulikuwa na baiskeli ya kukodi, na baada ya baiskeli miguu. Msitu wa kule unanyesha hata mvua ikiwa imekoma. Nilifika kijijini nimelowa na nimejaa kupe wa majani. Nikasema jina la Asumani tu. Mwanamke mmoja aliyekuwa akitwanga aliangusha mchi, akaanza kupiga yowe, na wengine wakatoka wakipiga yowe, wakanishika huku na huku wakanikalisha chini. Wakalia na mimi upya kama amekufa asubuhi ile. Wale ni Wakumu, kabila la kule, hawakuwa ndugu zetu kwa lolote.

Aliyeangusha mchi anaitwa Mama Bitondo. Ndiye aliyemuuguza. Walinipikia nyama ya nyani, nami nikasogeza sahani taratibu. Nilidhani wataudhika. Mume wake, Papa Otita, akamgombeza mkewe: "Sikukuambia? Ni watu wa Asumani! Hawakule nyani!" Akaenda mwenyewe mtoni, akarudi na kambale.

Mama Bitondo alinieleza yote bila kupunguza. Homa, kisha mkojo mweusi, kisha akawa anaongea na watu wasiokuwepo. Dawa zilikuwa zimefungwa ndani ya masanduku, zimeondoka. Alibaki mzungu mmoja tu kijana, Musye Toma, aliyeachwa kufunga kambi. Alimpa Asumani vidonge vyake mwenyewe mpaka vikaisha. Akamwekea kitambaa cha maji usiku na mchana. Asumani akafa mikononi mwao wawili, huyo mama na huyo mzungu.

"Hatukujua Waislamu wanazika namna gani," Mama Bitondo akasema. "Tuliogopa kukosea. Lakini tulikuwa tunamuona kila siku akiomba, anasimama pale, uso anaelekeza kule, kwenye ule muti mukubwa. Basi tukamulaza uso wake kule. Tulikosea?"

Nikamwambia hawakukosea.

Sanda haikuwepo. Musye Toma alitoa shuka jeupe alilokuwa akilitundika jioni na kuwasha taa nyuma yake ili vipepeo vije kutua. Hilo ndilo walilomvika. Kaburi liko nyuma ya shamba la mihogo, safi, wamelizungushia miti. Nilikaa pale, Aziza akachimba mchanga kwa vidole vyake na kucheka. Sina la kuandika zaidi kuhusu pale.

Jioni nikasema kilichonileta. Nikamwambia Papa Otita kwamba mama yake Asumani hali, haogi, anangoja.

Uso wake ukafurahi. "Lakini tulishatuma! Nilikata miye mwenyewe, kucha za mikono na za miguu, na nywele za katikati ya kichwa. Tukafunga katika jani vizuri, tukafunga na kamba. Tukamupatia Musye Toma, tukamuambia: hii ya Asumani, ipeleke. Yeye analia, sisi tunalia. Akaipokea. Halafu akatupatia chumvi."

"Chumvi?"

"Chumvi, kikombe kizima. Ya matanga. Tuliona ni muzungu lakini ana heshima, amechangia matanga. Tukapikia nayo siku ya kuondoa kilio."

Nilimshukuru Mungu usiku ule. Kitu kipo, kiko kwa mzungu, na mzungu, wakaniambia, yuko Lubutu akingoja gari. Nilipolala nilikuwa nimeshamwona mama mkwe akiinuka.

Lubutu

Musye Toma alikuwa amepanga nyumba ya udongo karibu na soko. Kijana mwembamba wa manjano, mwenyewe ametoka kuugua. Nilikuwa nimewaandalia wazungu maneno mazito tangu Lowa. Alipofungua mlango nikasema, "Mimi ni mke wa Asumani," akashika kizingiti.

"Eeh, mama yangu wee," akasema.

Ilikuwa sauti ya mume wangu. Kiswahili chake kilikuwa cha Asumani, alikuwa amefundishwa naye jikoni; ule mvuto, ule "wee" wa mwisho, hata namna ya kutikisa kichwa. Maneno yangu yote yaliniishia. Alinipa kiti, akampa Aziza biskuti. Akatengeneza chai yenye tangawizi nyingi mno, vile Asumani alivyokuwa akiharibu chai.

Nikamwambia nimekuja kuchukua kile kifurushi.

"Kifurushi gani?"

"Kile cha jani. Alichokupa Papa Otita siku ya kilio."

 Nikaona uso wake unapauka, kama mtu anayevuliwa kitu.

Sasa mnisikilize vizuri. Wale wazungu walikuwa na utaratibu na wanakijiji. Mtu akiokota msituni manyoya, kinyesi, kucha ya mnyama, anafunga kwenye jani, analeta kambini, anapewa kikombe cha chumvi. Walileta kila siku, watoto, wazee. Basi Papa Otita alipoleta jani lake akasema "hii ya Asumani, ipeleke", kijana huyu, macho yamevimba, hajalala, alielewa kwamba Asumani alikuwa ameagizwa na Profesa atafute nywele fulani, na kwamba hii ndiyo kazi yake ya mwisho. Akaipokea kwa heshima hasa. Akatoa chumvi, kama ada. Akaiweka na vifurushi vingine kwenye sanduku la mwisho, na sanduku likachukuliwa na ndege ya misheni kuwafuata wenzake. Liko ng'ambo.

"Mume wangu ni mnyama gani?" nikamuuliza. "Niambie. Ulimwandika mnyama gani?"

"Niliandika Obokote tu," akasema. "Sikufungua. Mama, sikufungua."

Nikapiga meza, vikombe vikaruka. Nikasema yote, na sitayaandika, mengine si ya mke wa Mwislamu. Alikaa akapokea. Nilipochoka nikamwambia basi, aandike kwao, warudishe.

Alieleza taratibu, akitafuta maneno. Wafadhili hutoa fedha kwa mradi, na mradi umefungwa. Yeye mwenyewe sasa anakula mkopo. Kupata fedha nyingine lazima Profesa aombe upya, aeleze anakwenda kutafuta nini ambacho hakijulikani, halafu wakubwa wakae na kuchagua. "Wanatoa feza ya kwenda kutafuta na kuleta. Ya kurudisha..." Akasukuma kikombe chake kando. "Hakuna muntu aliyeomba. Hata sijui inaombwa namna gani."

"Wewe omba."

"Nitaomba. Lakini sitakudanganya. Miye ni mudogo kule. Jani linafunguliwa, kila kitu kinawekwa kwenye kichupa, kichupa kwenye kabati. Vichupa viko kama punje za mpunga."

"Na wakiona ni nywele za mtu, watatupa?"

"Hapana!" Hapo ndipo alipoinua sauti. "Hawatupi. Njo kazi yao, mama. Hawatupi kitu, hata kimoja."

Nilitaka kumchukia mpaka mwisho. Ilinishinda. Nilimwacha analia kwa sauti ya mume wangu, nikaenda sokoni kutafuta kamyo.

Kurudi

Njia ya kurudi siikumbuki vizuri, ila Aziza alishikwa na homa pale Lowa, na mimi nilikaa nikimkanda na kumwambia Mungu kwamba sasa anazidisha. Homa ikapoa. Kwenye kamyo ya Punia watu walinipa ushauri. Mmoja akasema nibebe udongo wa njiani, nani atajua. Mwingine akasema nikate nywele za mbuzi mweusi. Nilimwambia hicho ndicho walichokifanya wazungu, kumchanganya mume wangu na wanyama, na mimi sitakirudia.

Nilifika Alunguli adhuhuri. Mama alikuwa palepale, amekuwa mdogo kama mtoto. Alitazama mikono yangu, si uso. Aliona mikono mitupu.

Nikakaa chini, nikamwambia yote. Shuka la vipepeo, uso kuelekea kwenye mti, jani, chumvi, ndege. Sikupunguza kitu, sijui kupunguza. Nilingoja apige yowe. Hakupiga. Alifikiri, inzi wakimtembea mguuni.

"Huko wamemuweka ndani ya nyumba?"

"Ndani ya nyumba, mama."

"Ya mabati?"

"Ya mawe. Kwenye kabati, ndani ya kichupa."

"Kabati linafungwa?"

"Linafungwa."

"Na mvua haiingie?"

"Haiingii."

"Kuna mutu wa kulinda?"

"Yuko. Wanawalipa watu kwa kazi hiyo tu, kulinda. Hawatupi kitu."

Akashusha pumzi. "Basi hawakumutupa," akasema. Akanyoosha mkono nimwinue. Alikuwa mwepesi, naogopa kusema alivyokuwa mwepesi. Akaniomba nimtekee maji ya kuoga, na nimwashie moto apashe uji.

Nikamtekea. Nikakaa nyuma ya ukuta nikisikia maji yakimwagika, maji ya kwanza tangu mchuuzi asimame mlangoni, nikang'ata kitambaa changu ili asinisikie. Gari lile la masanduku lilikuwa na nafasi. Kwa mama nililitaja kabati tu; nafasi ndiyo kitu pekee nilichompunguzia.